Asilimia Kumi: kwa Wiki au kwa Mwezi?



Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola akisimama mbele ya mchuuzi, hakosi hesabu. Anajua gunia la lumbesa linamnyang'anya kiasi gani. Anajua mafuta ya pampu yamekula shilingi ngapi tangu apande. Hata hivyo mwanakisomo wetu mmoja wa huko, mama mwenye akili sana, alipoteza pampu yake kwa mkopo wa shilingi 200,000.

Karatasi ilisema riba asilimia 10. Yeye akaelewa kuwa akishavuna atarudisha 220,000, basi. Kumbe ni asilimia 10 kwa wiki! Kila wiki ni 20,000. Kwa wiki 12 za kungoja mavuno ni 240,000, yaani riba peke yake imeupita mkopo. Tena mkononi hakupokea 200,000 kamili. 15,000 zilikatwa za fomu. Mikopo ya namna hii ndiyo watu wanaiita kausha damu.

"Mwalimu, hesabu naijua," alituambia. "Neno wiki ndilo sikuliona."

Wapo wasemao kwamba anayeshindwa na fedha ni yule asiyesoma. Sisi hatukubali. Katika kazi yetu tumeona kwamba mtu huijua fedha kwa jinsi inavyomfikia. Kibarua wa kahawa kule Oldeani hulipwa kwa alichochuma, hivyo anakijua kipimo vizuri, lakini nje ya msimu hana cha kupanga. Mfanyakazi wa hoteli ana mshahara wa mwezi na karatasi ya makato. Anajifunza kwamba NSSF humkata isiyozidi asilimia 10 na mwajiri hukamilisha asilimia 20. Lakini mwaka 2020, wageni walipoacha kuja kwa ajili ya Korona, wengi waligundua kuwa hawakuwa na akiba hata ya mwezi mmoja.

Mfugaji wa Ngorongoro naye akiba yake iko zizini. Kulima ndani ya Hifadhi hakuruhusiwi, kwa hiyo mahindi lazima ayanunue. Ukame ukija, mahindi yanapanda bei na ng'ombe aliyekonda anashuka. Mfugaji analijua jambo hili kuliko sisi tulio ofisini. Kinachomshinda ni kupata mahali pa kuweka hela ya ng'ombe aliyemuuza angali mnene.

Inafaa tukiri kosa letu walimu. Tangu mtihani wa taifa wa mwaka 1975, mhitimu wa daraja la nne alitakiwa aweze kuandika mapato na matumizi yake. Ni jambo jema. Lakini chuoni sisi tulifundishwa riba kwa kanuni ya ubaoni, na muda ulikuwa umeshaandikwa kwenye swali. Hakuna aliyetufundisha kuuliza, "Kwa wiki au kwa mwezi?" Nasi tukafundisha hivyo hivyo.

Sasa darasani tunatumia karatasi za mikopo zenyewe, majina yakiwa yamefutwa. Mwanakisomo anatafuta shilingi atakazopokea mkononi, jumla atakayorudisha, na tarehe. Asipoziona zote, haweki sahihi, hata mkopeshaji akisema ana haraka. Aulize pia leseni. Kwa sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji lazima awe nayo, na Benki Kuu iliwawekea wakopeshaji wasiopokea amana kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 200,000 hiyo ni 7,000 kwa mwezi. Kwa miezi mitatu ni 21,000, karibu sawa na alizotozwa yule mama kwa wiki moja tu!

Wengine tunawaona wakijifunza vizuri zaidi katika VICOBA. Pale fedha inahesabiwa mbele ya wote, na sanduku lina makufuli matatu yenye funguo kwa watu tofauti. Asiyejua riba anaisikia ikitajwa kila wanapokutana, na anauliza bila haya kwa sababu anayemuuliza ni jirani yake.

Yule mama amejiunga na kikundi cha namna hiyo. Pampu yake ilishauzwa. Msimu huu anamwagilia kwa pampu ya kukodi, na gharama yake ameiandika ukurasa wa kwanza wa daftari.