Tuzisome Namba za Darubini

Neno darubini limetufikia kutoka lugha ya Kiajemi, na maana yake ni kitu kionacho mbali. Sisi wa Visiwani tumelizoea kwa ajili ya bahari, kwani nahodha, rubani wa bandari na askari wa doria wote huitegemea zana hiyo. Leo tungependa kuwaomba wasomaji wetu wageuze macho kutoka baharini na kutazama bara, hadi Basotu katika Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Manyara. Huko hakuna bahari, lakini darubini ni zana ya kazi kama ilivyo kwetu.

Basotu inajulikana kwa ziwa lake lenye viboko na ndege wa majini, na inajulikana zaidi kwa ngano. Katika miaka ya 1970 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, likisaidiwa na serikali ya Canada, lilipanua kilimo cha ngano katika nyanda zilizokuwa malisho ya Wabarbaig, hata yakawapo mashamba makubwa saba. Palipo na nafaka hapakosi adui, na adui mkubwa wa nafaka katika nchi yetu ni kweleakwelea. Ndege mmoja hula kiasi cha gramu 10 kwa siku. Kundi la ndege milioni moja, basi, laweza kumaliza tani 10 kati ya jua kuchomoza na jua kutua.

Ndege hao hawapigwi dawa wakiwa wametawanyika mashambani. Hutafutwa mahali wanapolala, na dawa hunyunyizwa magharibi, wakati wamekwisha kusanyika. Kwa hiyo mtu anayetumwa kulifuatilia kundi hutazama katika saa ambayo mwanga unakimbia. Hali ni hiyo hiyo kwa askari wa wanyamapori na kwa mhesabu ndege wa ziwani, ambao kazi yao kubwa huwa alfajiri na jioni. Hao wote hawahitaji darubini ya pambo, bali darubini inayopitisha mwanga.

Hapo ndipo lilipo suala letu. Darubini za daraja la kwanza kutoka Ujerumani na Austria ni ghali mno, na mpya ya aina ya juu kabisa hupita dola 2,000 za Marekani. Kwa sababu hiyo nyingi tunazoziona mikononi mwa watu wetu ni za mkono wa pili: zilizoachwa na wageni, zilizobaki miradi ilipokwisha, au zilizonunuliwa mnadani. Aghalabu ni za aina ambazo viwanda vimeacha kuzitengeneza. Muuzaji husema ni ya juzi tu, na mnunuzi hutazama ngozi na rangi, akaridhika. Kumbe kila moja imechongwa namba ya mfululizo, na namba hiyo ndiyo inayoweza kumwambia ukweli.

Yafaa tueleze kwanza kwa nini umri una maana. Kila uso wa kioo kitupu hurudisha nyuma kiasi cha asilimia 4 ya mwanga unaoupiga. Darubini yenye nyuso kumi za namna hiyo hupoteza karibu theluthi moja ya mwanga kabla haujafika jichoni. Mwaka 1935 mtaalamu Alexander Smakula, wa kiwanda cha Carl Zeiss mjini Jena, aligundua namna ya kuvipaka vioo utando mwembamba unaopunguza hasara hiyo. Utando huo ulitumika kwanza katika vyombo vya kijeshi, na baada ya Vita Kuu ya Pili ukaenea katika darubini za raia. Mwaka 1979 Zeiss ya Ujerumani Magharibi ilianza kutumia utando wa tabaka nyingi unaotambulika kwa alama ya T na nyota. Mwaka 1988 iliongeza herufi P, alama ya utando maalumu wa prizimu unaoifanya picha iwe safi zaidi.

Tuchukue mfano wa Dialyt ya 10x40, darubini iliyoanza kuuzwa mwaka 1964 na ambayo sasa haitengenezwi tena. Ya mwaka 1975 na ya mwaka 1990 zinafanana sana kwa umbo, na mtu asiyezijua ataziona ndugu pacha. Lakini zipelekwe Basotu wakati wa magharibi, moja itaendelea kuonyesha ndege ndani ya majani, na nyingine itakuwa imekwisha kuingia giza. Anayeuziwa ile ya kwanza kwa bei ya pili ameibiwa, hata kama amepewa stakabadhi.

Je, namba hizo husomwaje? Kila kiwanda kina desturi yake. Rahisi kuliko zote ni ile ya Swarovski wa Austria. Tangu mwaka 1991 namba zao hutanguliwa na herufi. Tarakimu mbili zinazofuata ukizijumlisha na 30 hukupa mwaka, na mbili za baada ya hapo hukupa wiki. Namba inayoanza na 8125, kwa mfano, yatoka wiki ya 25 ya mwaka 2011, kwani 81 na 30 ni 111, yaani miaka 111 tangu 1900. Hesabu hiyo yawezwa na mtoto wa shule ya msingi.

Kwa Zeiss na Leitz hakuna ufunguo mwepesi wa namna hiyo. Namba zao zilipanda kadiri miaka ilivyokwenda, na za Jena zilifika tarakimu saba. Anayetaka mwaka hulinganisha namba aliyonayo na orodha zilizokusanywa na wajuzi, au huwaandikia mafundi wa kiwanda chenyewe. Jibu la orodha huwa ni la makisio, pengine kwa kupungua au kuzidi miaka kadhaa.

Kwa hiyo namba isisomwe peke yake, bali pamoja na maandishi mengine. Darubini za jeshi la Ujerumani za wakati wa vita zilifichwa majina ya viwanda kwa herufi tatu ndogo: blc ilikuwa Zeiss ya Jena, beh ilikuwa Leitz ya Wetzlar. Canada nayo, kabla haijaleta matrekta Basotu, ilikuwa na kiwanda cha Research Enterprises Limited mjini Toronto, kilichotengeneza darubini za 7x50 kwa ajili ya vita na kuzichonga mwaka waziwazi. Trinovid yenye jina la Leitz ni ya zamani kuliko yenye jina la Leica, kwa kuwa jina hilo la pili lilishika nafasi mwishoni mwa miaka ya 1980.

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba watakumbuka kwamba mwaka 1964 Zanzibar iliitambua Jamhuri ya Kidemokrasi ya Ujerumani, na mafundi wa nchi hiyo wakaja kujenga nyumba za Kikwajuni. Darubini ya Jena yenye herufi DDR haiwezi kuwa imetengenezwa kabla ya Oktoba 1949, ilipoundwa dola hiyo, wala si bidhaa ya miaka ya karibuni, maana dola hiyo ilikoma tarehe 3 Oktoba 1990. Akija mtu na Jenoptem yenye herufi hizo akaapa kwamba ni ya mwaka 2005, historia yenyewe inamsuta.

Hata hivyo tunatahadharisha. Namba ni ya kiwiliwili, si ya kila kiungo. Darubini iliyopita mikononi mwa mafundi yaweza kuwa na lenzi za mwaka mmoja ndani ya mwili wa mwaka mwingine. Mwaka wa kutengenezwa pia si mwaka wa kuuzwa, maana yaweza kukaa ghalani muda mrefu. Vile vile wapo wanaobandika majina makubwa juu ya bidhaa dhaifu. Namba isiyolingana na umbo la darubini iliyoichukua ni dalili ya udanganyifu, na namba iliyokwanguliwa ni dalili ya wizi. Mnunuzi na ajizuie katika hali zote mbili.

Maneno yetu ya mwisho twayaelekeza kwa maofisa wa serikali, bara na Visiwani. Mara ngapi tumeona katika leja za ofisi mstari unaosema tu, "Darubini, 1"? Mstari huo haumlindi mtu. Darubini nzuri ikichukuliwa na mbovu ikawekwa mahali pake, leja itaendelea kusema kweli na mali ya umma itakuwa imekwenda. Mashirika hufungwa, miradi humalizika na maofisa huhamishwa, na hapo mali hugawanywa kwa kumbukumbu zilizopo. Tunashauri kwamba kila darubini inayopokelewa iandikwe jina la kiwanda, aina, namba ya mfululizo na mwaka uliokadiriwa, na kwamba anayekabidhiwa atie sahihi mbele ya namba hiyo. Kazi hiyo haihitaji fedha wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Yahitaji kalamu, mwanga wa dirishani na dakika tano.

Nao wananchi wenye darubini za wazee wao, za baharini au za porini, wasizisugue kwa msasa ili zing'ae. Wazipanguse kwa kitambaa laini na wainakili namba kabla haijafutika. Kijana wa Basotu anayetazama makundi ya ndege jua likizama ana haki ya kujua chombo alichopewa ni cha lini na kinaweza nini, kwa sababu chakula cha kijiji kizima kinategemea atakachokiona.