Umetuma Namba na ID kwa Wakora? Jichanue Hivi Kabla Wamalize Kazi

Ni saa tatu usiku, uko kwa keja Suneka, bando inaisha na kazi hakuna. Kwa grupu ya WhatsApp inaingia posti: supamaketi kubwa inatafuta vijana, cheti cha Fomu Foo kinatosha, mshahara fiti, kazi iko Kisii mjini. Unaambiwa utume jina, namba ya simu, namba ya ID na picha ya kipande, mbele na nyuma. Unatuma. Dakika kumi baadaye unaambiwa uongeze soo tano "za faili". Hapo ndio akili inarudi. Hao ni wakora, na washachukua data zako.

Kwanza tulia. Kutuma data si sawa na kuibiwa. Mkora akiwa na namba na ID yako, bado kuna kitu hana: PIN yako, zile namba sita za kuthibitisha zinazoingia kwa SMS, ama laini yenyewe. Kuanzia sasa atakusumbua mpaka utoe hicho kilichobaki. Wewe kazi yako ni kumfungia kabla afike.

Umetoa nini hasa?

Kama ni jina na namba tu, usikose usingizi. Namba yako iko kwa kitabu cha ejenti, kwa listi ya mchango wa matanga na kwa kila grupu uliyowahi kuingizwa. Tarajia simu na meseji za uongo, basi.

Kama umetoa namba ya ID, tarehe ya kuzaliwa ama picha ya kipande, amka sasa hivi. Hizo ndizo mkora hutumia kujifanya wewe, akaomba laini yako ihamishwe kwa kadi mpya aliyoshika yeye. Ikipita, simu yako inakufa network na SMS zako zote zinaanza kuingia kwake. Hii ndio mchezo ulioipa Mulot jina baya, ile center iko mpakani mwa Bomet na Narok, ambako DCI wameshika washukiwa mara nyingi. Wengi wa watu wa Mulot ni wasee wanajitafutia tu kama wewe, lakini mchezo wenyewe ni wa ukweli.

Kama umetoa PIN, paswadi ama zile namba sita, hiyo ni moto. Usimalize kusoma kwanza. Badilisha PIN ya M-Pesa kupitia *334#, pigia benki yako, kisha urudi hapa.

Saa ya kwanza: funga laini

Kwa laini ya Safaricom, piga *100*100#. Hiyo inafunga laini yako isibadilishwe na mtu mwingine. Ukitaka kubadilisha kadi, itabidi uende dukani kwao mwenyewe na ID mkononi. Kama uko Airtel ama Telkom, pigia huduma kwa wateja uwaambie data zako zimeingia mikono mibaya, uulize vile watalinda laini.

Halafu piga *106# uone namba zote za Safaricom zilizosajiliwa kwa ID yako. Ukipata moja huijui, ripoti. Laini iliyosajiliwa kwa jina lako ikitumika kukula watu, polisi wataanza kwa kutafuta mwenye hiyo ID, na huyo ni wewe.

Kuna mtego mwingine. Mkora akikupigia akuambie ubonyeze namba fulani zenye nyota na reli "ndio tuhakikishe akaunti", usibonyeze. Zingine zinapeleka simu zako kwa laini yake. Kama ushabonyeza, piga ##002#, inafuta uhamishaji wote wa simu.

Simu ikipoteza network ghafla na majirani wako na network, usingoje asubuhi. Chukua simu ya mtu, pigia huduma kwa wateja ya Safaricom, waambie wazuie laini na M-Pesa. Kukikucha, panda mathree uende dukani kwao Kisii mjini na kipande chako. Ni safari fupi, na ni afadhali nauli kuliko kuamka akaunti imefagiliwa na Fuliza imevutwa mpaka mwisho. Deni la Fuliza litabaki kwa jina lako.

Saa ya pili: WhatsApp, barua pepe na watu wako

Ingia Mipangilio ya WhatsApp, kisha Akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Weka PIN ambayo si mwaka wako wa kuzaliwa, maana huo mkora anao kwa ile picha ya kipande. Cheki pia vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta huijui, itoe. Badilisha paswadi ya barua pepe, kwa sababu mtu akishaingia kwa barua pepe, anaomba paswadi mpya za mitandao yako yote.

Sasa fikiria kuhusu mathe. Wakora wakishindwa na wewe, wanaenda kwa watu wako. Ataandikiwa: "Mum nimepata ajali, simu imeharibika, tuma kwa hii namba ya daktari." Mzazi akisikia ajali, anatuma kwanza, anauliza baadaye. Kwa hivyo mpigie usiku huo huo, hata kama unaona aibu. Mwambie mtu akiomba doh kwa jina lako, asitume mpaka asikie sauti yako. Wekeni swali moja la nyumbani, na muulizane kwa Ekegusii kama ndiyo lugha yenu. Jina la ng'ombe wa guka ama jirani aliyehama, kitu ambacho hakiko Facebook.

Doh ikiwa imeenda

Kama ushatuma pesa, sambaza ile meseji ya M-Pesa kwa 456, sekunde hiyo hiyo. Kurudishiwa kunawezekana kama aliyepokea hajatoa, ndio maana wakora hutoa haraka. Meseji ya utapeli na namba iliyoituma zipeleke 333, ni bure.

Usifute mazungumzo kwa hasira. Piga picha za skrini za posti, namba, saa na jina lililotokea kwa M-Pesa, ndio uzuie namba. Na usimtusi kwanza. Ukimjibu, anajua laini iko hai na mwenyewe ana presha.

Beba hizo picha mpaka kituo cha polisi kilicho karibu, uandikishe na utoke na namba ya OB. Wengi huona ni kupoteza wakati kwa sababu pesa ni kidogo. Lakini miezi sita baadaye mkopo ukitokea kwa jina lako, ama polisi wakuulize kuhusu laini usiyoijua, hiyo OB ndiyo inaonyesha uliripoti mapema. Pia uko na haki ya kupata ripoti moja ya CRB bure kila mwaka. Itumie ucheki kama kuna deni hulijui.

Sheria iko upande wako. Kutumia kitambulisho ama paswadi ya mtu mwingine kwa ulaghai ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 200,000, jela isiyozidi miaka 3, ama zote mbili.

Jihadhari na "msaidizi"

Hapa ndio wasee huliwa mara ya pili. Siku chache baadaye unapigiwa na mtu mpole sana. Anajua jina lako, ID yako na hata ile stori ya supamaketi. Anasema yeye ni afisa wa DCI ama wa kampuni ya simu, wameshika wezi, pesa yako iko tayari, tuma tu ada kidogo ama usome zile namba sita.

Anajua hiyo yote kwa sababu wewe ndiye ulimtumia. Ni yeye yule, ama ni mtu aliyemuuzia data zako. Safaricom huwapigia wateja kwa 0722 000 000 pekee, na hata hapo hawaulizi PIN. Ukiwa na shaka, kata simu, kisha upige wewe. DCI wako kwa 0800 722 203, bila malipo.

Mwisho ni hili: hiyo posti bado iko kwa ile grupu. Rudi uandike, "Hii ni con, mimi nimeingia." Wengine watacheka, lakini kuna msee wa stage ya Suneka alikuwa anatafuta kipande chake apige picha, na meseji yako itamfikia kabla hajatuma.