Ua Lililotugombanisha Mimi na Mama Mkwe

Mwenzangu, ugomvi wa kwenye ndoa si lazima uletwe na nyumba ndogo au hela ya matumizi. Wetu ulianzia kwenye bustani.

Tulipojenga Mugumu, wilayani Serengeti, nilitaka mbele ya nyumba pawe pa kisasa. Mishubiri aliyokuwa ameipanda mama mkwe niliiona ya kishamba, nikaing'oa yote. Nikapanda lantana: vimaua vya pinki na njano, halafu haidai maji. Nilijiona mjanja kweli! Mume wangu, si unawajua wanaume, akakaa kimya.

Kiangazi kilipokaza na nyasi kuisha, ndama wa mama mkwe alikula matawi niliyokuwa nimepogoa. Majani ya lantana yana sumu inayoharibu ini, na mnyama akikaa juani ngozi inababuka. Ndama alikufa. "Mwanangu, ungeniuliza kwanza," mama aliniambia. Basi. Bora angenitukana.

Ndipo nikaanza kusoma. Kumbe lantana asili yake ni Amerika. Ndege hula matunda yake na kwenda kudondosha mbegu mbali, na huku kwetu mbali maana yake ni Hifadhi ya Serengeti, iliyoanzishwa 1951. Hakuna ukuta kati yetu. Ikishaota porini inafunika nyasi, na nyumbu hali maua ya pinki! Mwenzake ni amachabongo, gugu la huko huko Amerika, lililovamia Tarime na Serengeti. Mbegu zake hupeperushwa na upepo, na ukilifyeka linachipua tena. Ling'oe na mizizi yake kabla halijatoa maua.

Lantana yangu nimeing'oa kwa mikono yangu, wiki nzima, mpaka malengelenge. Mpakani nimepanda mnyaa (wakataze watoto kuuchezea, utomvu wake unaunguza macho), na nyuma kabisa, mbali na msingi wa nyumba, mkuyu kwa ajili ya ndege. Mbele imerudi mishubiri. Ikitoa maua yake mekundu, ndege aina ya chozi wanafika mapema na vidomo vyao vilivyopinda, wanafyonza asali, hata chai nasahau kunywa.

Juzi mama mkwe alikuja na miche miwili ya mshubiri ameifunga kwenye khanga. Akaiweka barazani, akaomba maji ya kunywa. Nikaenda kuchukua jembe.