Kujikwaa Njiani Nako Ni Somo

Wahenga walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Kauli hiyo hunijia kila nipitapo Kianda, kijiji kilichoko upande wa magharibi wa Kibera. Jina Kibera lenyewe latokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu, nalo lilitumiwa na askari wa Kinubi waliopewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Msitu wa Ngong ungali jirani, na asubuhi isiyo na mawingu vilele vya milima ya Ngong huonekana waziwazi. Hata hivyo, nimekutana Kianda na wanafunzi waliohitimu shule ya msingi bila kuikanyaga milima hiyo hata siku moja.

Sababu nizisikiazo ni mbili: gharama na hofu. Ya gharama siipuuzi, kwani nauli na ada ya langoni ni mzigo mzito kwa mzazi anayeishi kwa kibarua cha kutwa. Ya hofu ndiyo nitakayo tuijadili, walimu wenzangu. Mtoto mmoja hurudi na goti lililochubuka. Mzazi hulalamika, mwalimu mkuu huhamaki, na matembezi ya mwaka unaofuata hufutwa. Hivyo basi, kosa la kokoto moja huwaadhibu watoto mia.

Niliwahi kuandamana na wanafunzi thelathini wa Kianda katika matembezi ya namna hiyo. Tulipanda matatu hadi mji wa Ngong, tukalipa langoni, tukapewa askari wa kutusindikiza kwa sababu ya nyati. Mikasa haikukawia. Kabla ya kilele cha pili, soli ya kiatu cha msichana mmoja ilibanduka, ikawa yapiga makofi kila hatua. Upepo, ule ule unaoizungusha mitambo ya umeme ambayo ya kwanza ilisimikwa huko mwaka 1993, ulimpokonya mwalimu karatasi ya majina ukaitupa bondeni. Naye mvulana aliyekwenda mbio ili awe wa kwanza tulimkuta ameketi kando ya njia, chupa yake tupu na misuli ya miguu imemkaza.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa janga. Kiatu kilifungwa kwa utepe wa nywele. Wanafunzi walijipanga wawili wawili, kila mmoja akawa mlinzi wa mwenzake, na hesabu ikapatikana upesi kuliko kwa karatasi. Mkimbiaji wetu alinyweshwa maji na wale wale aliowaacha nyuma. Hapakuwa na haja ya kumhubiria kwamba kutangulia si kufika. Tangu hapo mwenye kiatu kibovu ndiye aliyewekwa mbele, na msafara mzima ukaufuata mwendo wake. Nimefundisha ushirikiano ubaoni mara nyingi. Sijapata kuona ukieleweka kama siku hiyo.

Huko juu, penye kilele cha takriban mita 2,460 kutoka usawa wa bahari, jiografia ilijifundisha yenyewe. Upande wa mashariki palikuwa na Nairobi na mashamba mabichi. Upande wa magharibi, Bonde la Ufa lililokauka. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini mvua iwe na upendeleo. Akaelezwa kwamba pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupandishwa na milima, zikapoa na kumwaga mvua upande huu, kisha zikavuka zikiwa kavu. Alikuwa ameyaona majibu kwa macho yake kabla ya kuyasikia.

Sisemi tuupuuze usalama. Ipo tofauti baina ya mkasa na janga. Janga huzuiwa kabla ya safari: idhini ya mzazi, maji ya kutosha, dawa za huduma ya kwanza, kumjua mwenye pumu, kuwa na askari wa msitu, na kurejea kabla ya jua kuchwa. Mwalimu asiyeyatimiza hayo na asitoke. Akisha kuyatimiza, asikubali tope na malengelenge yamfungie mlango.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote katika madarasa ya chini mwaka 2019 ili kuchukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4 wa mwaka 1985, wasisitiza kujifunza kwa kutenda. Kutenda hakukosi kujikwaa. Shule isiyomudu nauli ya Ngong yaweza kuanza na msitu ulio jirani, kwa mpango na maafisa wanaousimamia.

Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Nanyi wanafunzi, yaombeni matembezi hayo kwa adabu na bila kuchoka. Na mkifika penye mwinuko, mtangulizeni aliye mnyonge.