Cucu, Kiondo na Meseji ya 4,500

Jumamosi moja mwezi wa Oktoba nilishuka stejini Murang'a mjini nikiwa na shida moja tu: zawadi ya harusi ambayo sikuwa nimenunua. Nikaingia kaduka fulani kadogo ka zawadi, kamejaa vikombe, fremu za picha na vyondo.

Ndani tulikuwa wanne: mama mwenye duka, kijana wa boda anayetafutia mpenzi wake kikombe, cucu mmoja kutoka upande wa Kangema, na mimi. Hakuna aliyemjua mwenzake.

Cucu alikuwa ameshika kiondo cha katani, akivuta mishipi yake kama mtu anayejua hiyo kazi. "Nilikuwa nikisuka hivi," alisema. "Sasa macho yamekataa." Kiondo kilikuwa cha mjukuu wake aliyehitimu chuo. Bonasi ya majani chai ilikuwa imeingia, na kilichobaki kilikuwa kwa simu.

Kabla hajalipa, meseji ikaingia. Akampa yule kijana. "Nisomee, kijana wangu." Amepokea shilingi 4,500 kutoka kwa mtu asiyemjua. Hata dakika haikuisha, simu ikalia. Mwanamume, sauti ya kulia: amekosea namba, pesa ni ya hospitali, mtoto amelazwa, tafadhali mama nirudishie sasa hivi.

"Maskini," cucu akasema. "Mtoto wa wenyewe asiumie kwa sababu yangu." Akaanza kubonyeza.

"Cucu, ngoja kidogo," kijana akamwambia. "Si tuangalie salio kwanza? Ulikuwa na ngapi?"

"Elfu sita mia mbili."

"Sawa. PIN weka mwenyewe, sisi tunageuka." Na kweli tukageuka wote watatu, tukitazama ukuta wa vikombe kama watoto wanaocheza kujificha.

Salio: 6,200. Hakuna kitu kilichoingia. Tukaitazama ile meseji tena: imetoka kwa namba ya kawaida ya simu. Jamaa alipopiga mara ya pili, mama mwenye duka akaishika yeye. "Kama umekosea, ambia kampuni yako, watakurudishia." Simu ikakatwa bila kwaheri.

Tukacheka. Kisha cucu akanyamaza kidogo. "Ningekuwa nyumbani peke yangu," akasema, "ningetuma."

Alilipa kiondo kwa namba ya till, na kabla ya kuweka PIN akasoma jina la duka kwa sauti: "Ni wewe huyu?" Ni yeye. Halafu akanigeukia. "Na wewe, harusi utapeleka kikombe?" Nikanunua kiondo.

Wizi huu hautegemei ujinga wa mtu. Unategemea huruma na haraka. Kwa hivyo kumbuka haya:

Amini salio, usiamini meseji. Meseji yeyote anaweza kuandika. Salio lako hawezi kuligusa.

Angalia imetoka wapi. Meseji halisi ya M-Pesa huja kwa jina MPESA, haiji kwa namba ya mtu.

Usirudishe pesa mwenyewe. Hata kama imeingia kweli, mwambie aliyekosea aombe kampuni imrudishie. Kwa M-Pesa, yeye ndiye anatuma ile meseji ya muamala kwa 456. Ukimtumia wewe, halafu naye aombe irudishwe, unaweza kupoteza mara mbili.

Ripoti. Kwa laini ya Safaricom, tuma meseji ya utapeli kwa 333, ni bure.

PIN ni yako pekee. Anayekusaidia kwa nia njema hatakuuliza. Atageuka.

Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, wazee wetu wengi wamejifunza simu kwa kusomewa na jirani au mjukuu. Leo jioni pigia cucu au guka wako, umweleze hadithi hii. Mwambie akipata meseji ya kumharakisha, akupigie wewe kwanza.