Pundamilia wa Ziwani: Neno la Kiswahili katika Uainishaji wa Furu wa Mwanza

Samaki wadogo ambao wavuvi wa Ziwa Viktoria huwaita kwa jumla furu wana mamia ya majina katika maandishi ya sayansi. Makala haya yanashughulikia mawili tu, Pundamilia nyererei na Pundamilia pundamilia. Majina haya yametokana na lugha yetu na historia yetu, na maji ya Ghuba ya Mwanza yameyatia katika mtihani.

La Mwalimu ndilo lililotangulia. Mwaka 1985 Witte-Maas na Witte, watafiti wa kundi la Leiden, Uholanzi, lililochunguza furu wa ghuba hiyo tangu miaka ya 1970, walimpa samaki mmoja jina Haplochromis nyererei kwa heshima ya Julius Nyerere, aliyeng'atuka urais mwaka huohuo. Kiambishi -i ni cha umilikishi wa Kilatini; huongezwa kwenye jina la mwanamume mmoja na maana yake ni "wa Nyerere". Herufi ya kwanza huwa ndogo, kwani kanuni za uainishaji hazitambui cheo.

Mwaka 1998 Seehausen, Lippitsch na wenzao walieleza upya furu wa mawe na kuunda jenasi tatu. Mojawapo ni Mbipia, kutokana na mbipi, jina ambalo wavuvi huwaita furu hao. Nyingine ni Pundamilia, kutokana na milia iliyosimama ubavuni. Jina la jenasi sharti liwe neno moja, hivyo punda na milia wakaunganishwa.

Kwa mwanafunzi wa isimu, jambo la kuvutia zaidi ni upatanisho. Katika Kiswahili punda milia ni wa ngeli ya A-WA, hana uke wala uume wa kisarufi. Katika Kilatini cha sayansi amefanywa wa kike, ndiyo maana ndugu yake mmoja akaitwa Pundamilia azurea. Wapo wataalamu wanaopendelea kuwarudisha wote katika Haplochromis, jenasi ya kiume. Kwao huyo ni azureus. Nyererei habadiliki popote awekwapo, kwa kuwa ni nomino milikishi, si kivumishi. Utaratibu huu hauko mbali sana na ngeli zetu.

Mtihani wenyewe umo majini. Dume wa nyererei ana mgongo mwekundu. Dume wa pundamilia ni wa buluu ya kijivu. Majike wao hufanana mno, nao huchagua dume kwa rangi. Kwenye maji maangavu, kama kando ya kisiwa cha Makobe, spishi hizi hukaa jirani bila kuchanganyika. Ndani ya ghuba, penye maji ya tope, rangi hazionekani vizuri. Huko huzaliana, na hupatikana samaki wasio wa upande wowote. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulihusisha hali hiyo na kurutubika kwa ziwa kupita kiasi.

Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2017 ulitatiza zaidi: wekundu na wa buluu wa ghubani walitengana upya baada ya mchanganyiko, hivyo wekundu hao si nyererei wa Makobe, ijapokuwa kwa macho wanafanana naye. Watafiti huwaandika kwa muda "wa mfano wa nyererei". Ili wapate jina kamili, mtu atalazimika kuteua kielelezo kimoja, kukihifadhi katika makumbusho, na kuchapisha maelezo yake.