Gari Kuukuu, Injini Gani?

Wahenga walinena kwamba ng'ombe hazeeki maini. Ukitaka kuthibitisha maneno hayo, simama kando ya barabara kuu ya Embu na Meru asubuhi ya siku ya soko. Utaona pikapu zenye umri mkubwa kuwashinda baadhi ya walimu wetu (samahani, walimu wapendwa), na bado zinabeba ndizi, maziwa, miraa na viazi. Bodi ni nzima na sakafu haijaoza. Ila injini ndiyo imechoka: inameza oili, inatoa moshi wa samawati, na mlimani inapitwa hata na bodaboda iliyobeba watu watatu. Gari likifika hapo, mwenyewe hujiuliza: sasa nitie injini gani?

Swali hili linanihusu sana. Mjomba wangu ana pikapu ya Peugeot 504. Huchukua ndizi Mitunguu, akapanda nazo hadi Nkubu, kisha akashika barabara kuu kupitia Chuka na Runyenjes hadi soko la Embu. Pesa zangu za chakula cha mchana hapa shuleni, na karo ya binamu yangu aliye bweni, hutoka mgongoni mwa gari hilo. Mwaka jana injini ilipoanza kukohoa, mjomba alikuwa na pesa za kufanya jambo moja tu. Likiharibika, hakuna la pili. Akaniambia, "Wewe si unasoma fizikia? Kaa na fundi mpige hesabu." Hesabu zenyewe ndizo hizi.

KRETI LA MAREKANI NA KONTENA LA JAPANI

Huko Marekani kuna magari ya zamani ambayo wenyewe huyaita magari ya misuli. Pontiac GTO ya 1964 na Chevrolet Camaro ya 1967 ni miongoni mwao. Yalikuwa magari ya ukubwa wa kadiri yaliyotiwa injini kubwa za silinda 8. Leo mwenye gari kama hilo akitaka kulifufua, anaweza kuagiza injini mpya kabisa ikiwa imefungwa ndani ya kreti la mbao. Moja yao ni LS3 ya Chevrolet, ya lita 6.2 na nguvu za farasi 430.

Hapa Kenya gari letu la misuli ni Peugeot 504. Msicheke! Ove Andersson alishinda mbio za Safari Rally kwa 504 mwaka wa 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda tena kwa 504 mwaka wa 1978. Lakini kreti letu halitoki Marekani. Letu ni kontena kutoka Japani. Huko gari jipya la kibinafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2, na gharama za ukaguzi ni kubwa. Wengi huona heri kuliacha gari mapema. Likivunjwa, injini yake husafirishwa hadi Mombasa, kisha huuzwa madukani kama yale ya Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi. Basi tukumbuke kwamba tunachonunua ni mtumba. Mtumba mzuri upo, ila sharti uuchague.

HESABU YA MLIMA

Vijana wenzangu wakisikia habari ya kubadilisha injini, hutaja moja kwa moja 1JZ-GTE ya Toyota, lita 2.5 yenye tabo na farasi 280. Hiyo ndiyo ndoto. Lakini je, ndizi zinahitaji farasi wangapi?

Tuchukue gari na mzigo wake kuwa kilo 2,400. Tuchukue mlima unaoinuka mita 8 kwa kila mita 100. Nguvu inayolivuta gari nyuma ni 2,400 × 10 × 0.08, yaani nyutoni 1,920. Tukitaka kupanda kwa kilomita 40 kwa saa, ambazo ni takriban mita 11.1 kwa sekunde, tunahitaji wati 21,300 hivi. Farasi mmoja ni wati 746. Kwa hivyo mlima wenyewe unadai farasi 29 tu!

Tuongeze msuguano wa magurudumu, upepo, na nguvu inayopotea ndani ya gia na difu. Tuseme farasi 45. Kisha tukumbuke mwinuko wa nchi yetu. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Penye mita 1,500, injini hubaki na asilimia 85 hivi. Farasi 45 ukigawa kwa 0.85 unapata 53.

Kumbe injini yenye farasi 80 hivi, ikiwa nzima, inatosha na kubakisha. Pikapu ya mjomba haikushindwa na mlima kwa sababu injini ilikuwa ndogo. Ilishindwa kwa sababu injini ilikuwa imechakaa. Haya ni mambo mawili tofauti, na wengi huyachanganya.

Tena farasi peke yao hawatoshi kukuambia ukweli. Kuna nguvu ya kuzungusha. Injini mbili zinaweza kuwa na farasi sawa, moja ikavuta vizuri ikizunguka polepole, nyingine ikataka kupigishwa kelele kwanza. Mwenye kubeba mzigo anataka ile ya kwanza. Ndiyo maana dizeli hupendwa milimani.

KILICHO NYUMA YA INJINI

Injini haifanyi kazi peke yake. Imeshikwa na maunti, inapoozwa na redieta, inafuatwa na klachi, giaboksi, shafti na difu. Ukibadilisha kimoja, vingine vyote vinauliza maswali.

Injini ya petroli ya 504 haikusimama wima. Imelala upande kwa pembe ya digrii 45. Ukileta injini ya kusimama wima, pima kwanza kama boneti itafunga na kama sampu ya oili haitagonga chuma cha chini. Isitoshe, shafti ya 504 si ya wazi kama ya Hilux. Imo ndani ya bomba lililofungwa nyuma ya giaboksi. Giaboksi ya Toyota haijui bomba hilo. Utalazimika kutengeneza kiunganishi, au kubadilisha shafti na difu pia. Hapo bei ya injini inakuwa mwanzo tu wa safari.

Hilux ya zamani yenye dizeli aina ya 2L ni habari nyingine. Injini za 2L, 3L na 5L ni za ukoo mmoja: 2L ina sentimita za ujazo 2,446, 3L ina 2,779, na 5L ina 2,986. Ukitoa 2L ukatia 3L, kazi ya kukata na kuchomelea chuma ni ndogo. Jirani yetu mwenye Hilux alifanya hivyo na hajutii. Tazama basi: pikapu mbili, barabara moja, na jibu si moja.

NI ZIPI TULIZOZIPIMA?

Tuliziweka mezani injini nne, tukaongeza na njia ya tano.

Ya kwanza ilikuwa 1NZ, ile ya Probox, ya sentimita za ujazo 1,497. Ni nyingi na mafundi wanaijua. Lakini imeundwa kukaa kwa kukingama na kuendesha magurudumu ya mbele, ilhali 504 huendeshwa na ya nyuma. Tuliiondoa mara moja.

Ya pili ilikuwa 3Y ya Toyota, petroli ya sentimita za ujazo 1,998. Ni ya magurudumu ya nyuma, na zile za kabureta hazina kompyuta. Fundi yeyote wa jua kali kutoka Maua hadi Embu anaweza kuitengeneza kwa spana na masikio yake. Hii ilitupendeza, ila tatizo la bomba la shafti lilibaki pale pale.

Ya tatu ilikuwa 3L. Inavuta vizuri na haina mambo mengi. Lakini dizeli hubana hewa kwa uwiano wa takriban 22 kwa 1, wakati petroli ya zamani hubana kama 8 au 9 kwa 1. Chuma cha kuhimili mbano huo ni kizito. Uzito huo wote ungekalia springi za mbele na kuifanya sukani kuwa ngumu.

Ya nne ilikuwa ile ndoto ya 1JZ-GTE. Hiyo ina kompyuta, sensa na rundo la waya. Waya mmoja ukikosekana, utakuwa umenunua nanga. Fauka ya hayo, giaboksi na difu za zamani hazikuundwa kupokea nguvu kama hizo.

Njia ya tano ilikuwa kuifufua injini iliyopo. Silinda za injini ya petroli ya 504 ni slivu zinazochomolewa, zikizungukwa na maji. Zikiisha, unazitoa na kutia nyingine pamoja na pistoni zake, bila kupeleka bloku kuchongwa. Sharti ni kwamba bloku na kichwa visiwe na ufa, na kranki iwe bado ndani ya vipimo.

MTEREMKO NDIO MWALIMU

Tulipofika hapo nikauliza jambo ambalo huwa halitajwi katika mazungumzo ya injini: breki. Kila anayepanda lazima ateremke. Ile nguvu ya wati 21,300 tuliyoitumia kupanda, ndiyo ile ile inayotafuta pa kwenda wakati wa kushuka. Isipozuiwa na injini iliyo katika gia ya chini, inageuka joto ndani ya breki. Breki zikipata joto kupita kiasi, unakanyaga na hakuna linalotokea.

Tena mwendo ukizidi mara mbili, nishati ya mwendo huzidi mara nne. Gari letu la kilo 2,400 likienda kilomita 40 kwa saa lina kilojuli 148 hivi. Likienda 80 lina karibu 593. Injini kubwa humshawishi dereva kuufikia mwendo ambao breki za zamani haziwezi kuumaliza.

Sisi wa huku hatuhitaji kukumbushwa. Mwezi wa Julai 2022, basi lilitumbukia katika Daraja la Nithi, Kaunti ya Tharaka Nithi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Mjomba hupita hapo kila safari. Injini isiyozingatia breki si maendeleo.

UKIENDA KUNUNUA

Kama hesabu zako zinakuonyesha injini ya ex-Japan, basi enda na fundi wako, wala usiende na fundi wa muuzaji. Toa plagi, zungusha kranki kwa mkono usikie kama kuna pahali inakwama. Pima mbano wa kila silinda. Namba zikikaribiana ni heri, moja ikiwa chini sana ni balaa. Fungua kifuniko cha oili: ukiona matope kama uji, injini iliteswa. Angalia mlango wa maji kama una kutu. Hakikisha stata, alteneta, kabureta au pampu, na giaboksi vyote vipo. Na ahadi ya muuzaji iandikwe kwenye risiti, kwani maneno matupu hayavunji mfupa.

Usisahau sheria. Namba ya injini imeandikwa katika kitabu cha gari. Ukibadilisha injini lazima uwajulishe NTSA ili rekodi zibadilishwe. Injini ambayo namba yake imekwanguliwa, iache hapo hapo hata ukipewa kwa bei ya kuku. Huenda imeibwa, na aliyekuuzia hatakuwa nawe kituoni. Hata bima inaweza kuleta mzozo iwapo namba hazilingani.

TULIAMUA NINI?

Fundi alifungua injini ya mjomba. Bloku lilikuwa zima, kichwa hakikuwa na ufa, kranki ilikuwa ndani ya vipimo. Tuligawa pesa mafungu matatu. Fungu la kwanza lilinunua slivu, pistoni, ringi, beringi na gaskiti. La pili liliosha redieta na kununua klachi mpya. La tatu lilienda lote kwenye breki. Farasi hawakuongezeka hata mmoja juu ya wale wa kiwandani. Lakini pikapu inapanda kutoka Mitunguu na ndizi zake, na inateremka Nithi katika gia ya pili bila kunuka breki.

Je, nasema kila mtu afufue injini ya zamani? La hasha. Bloku lingekuwa na ufa, tungechukua 3Y na kukubali gharama za shafti. Lingekuwa Hilux, ningeunga mkono 3L bila kusita. Nisemalo ni kwamba maswali yaje kwa mpango wake: gari linafanya kazi gani, barabara ikoje, nyuma ya injini pana nini, litasimama vipi, nani atalitengeneza likiharibika Chuka usiku, na ndipo mwisho uulize farasi ni wangapi. Wengi wetu huanzia mwisho.

Wenzangu mnaodhani fizikia ni ya mtihani tu, mwende mkaulize nyumbani kuna mashine gani inayokohoa. Yaweza kuwa pampu ya maji, yaweza kuwa posho mill. Chukueni kalamu na kikokotoo. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na mwenye kupiga hesabu hupunguza majuto.